SWICHI INAYOANGUKA KILA MARA: TUITAFUTE SABABU, TUSIINYAMAZISHE

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kinjumbi, Wilaya ya Kilwa

Nilipotakiwa kuzungumza nanyi leo, bila shaka wengi wenu mlitazamia habari za vitabu, kama ilivyo desturi yangu kila nifikapo Kinjumbi: leja zisizofungwa, stakabadhi zisizo na nakala, mizani ya ufuta isiyohakikiwa. Hayo yapo, nami nitayarudia kwa wakati wake. Leo nimeomba ruhusa ya Ndugu Mwenyekiti nizungumze juu ya umeme wa majumbani mwetu, na hasa juu ya ile swichi iliyomo ndani ya kisanduku cha ukutani ambayo huanguka yenyewe. Ukiiinua huanguka tena, mpaka nyumba nzima huingiwa na hasira, na mwenye nyumba huanza kutafuta njia ya kuinyamazisha.

Sina cheti cha ufundi. Umeme niliousoma ni ule wa fizikia ya sekondari, nao nilikuwa nimekwisha kuusahau kwa sehemu kubwa. Lakini tatizo hili lilikaa nyumbani kwangu muda wa wiki saba, wakati wa masika ya mwaka jana, na nusura lininyang'anye mtoto. Kwa hiyo nasema kama mtu aliyekosea kwanza akajifunza baadaye.

Sisi watu wa Kilwa tunayo haki ya kuuonea umeme fahari. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kupitia Somanga kwenda Dar es Salaam kuendesha mitambo. Bomba lilitupita sisi tukiwa na vibatari mkononi. Baadaye TANESCO walijenga mtambo wa gesi pale Somanga, na Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ukasaidia kusimamisha nguzo vijijini. Watu walikuwa wamengoja muda mrefu, na mtu aliyengoja muda mrefu hana subira ya siku mbili zaidi. Nyumba nyingi zilitandazwa nyaya na yeyote aliyekuwa na koleo na bisibisi. Yangu ilikuwa mojawapo.

Nyumba hiyo ina vyumba vinne vya matofali, na huko uani liko jiko la miti na udongo lililoezekwa mabati. Umeme wa jikoni umevutwa kutoka nyumba kubwa kwa waya uliopitishwa chini ya mabati. Mvua za Machi zilipoanza, swichi kuu ikaanza kuanguka alfajiri. Mara ya kwanza nilidhani TANESCO wamekata, lakini nilipochungulia nje nikaona taa ya jirani inawaka. Nikaiinua, ikashika. Baada ya siku mbili ikaanguka tena, kisha ikawa kila siku, kisha mara tatu kwa siku. Mke wangu huuza barafu na maji ya ukwaju kwa watoto wa shule. Barafu ikawa inayeyuka ndani ya friji, na faida yake ikawa inatiririka sakafuni.

Nikamwita kijana mmoja ajuaye kuunga waya. Alikitazama kisanduku, akasema swichi zangu ni "nyepesi mno". Akaleta breka kubwa zaidi, akaibandika mahali pa ile ya soketi. Haikusaidia, kwa kuwa iliyokuwa ikianguka si ile. Siku ya tatu akarudi, akaiondoa swichi kuu katika njia ya umeme, akaunganisha nyaya moja kwa moja, akafunga kifuniko. Swichi ikabaki imesimama kama pambo. Tukamlipa, tukamshukuru. Umeme haukukatika tena, na kwa siku kumi na mbili nilijiona mtu mwenye akili.

Siku ya kumi na tatu, jioni, mvua ikinyesha, binti yangu wa miaka tisa aliingia kutoka uani miguu mitupu, imelowa, akashika mlango wa friji. Mimi nilikuwa sebuleni. Sikusikia ukelele, nilisikia kishindo. Umeme ulimkaza mkono, kisha miguu ikateleza akaanguka chini, na kuanguka kule ndiko kulikomwachanisha na friji. Alipoweza kusema alisema, "Baba, friji limenipiga." Tulimpeleka zahanati usiku ule ule. Yu mzima na anaendelea na masomo.

Usiku ule sikupata usingizi. Ndugu Makatibu, mnajua ninavyowaambia kuhusu urari. Pande mbili zisipolingana, hata kwa shilingi mia tatu, kutolingana kule ni habari: mahali fulani katika vitabu liko jambo linalotaka kuonekana. Katibu mwaminifu hurudi nyuma akalitafuta. Katibu mvivu huiandika tofauti ile katika mstari wa kando, akapiga mistari miwili chini yake, na vitabu vikaonekana vimenyooka. Kwa miaka mingi nimewaandikia makatibu wa namna ya pili barua kali. Kumbe mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, nilikuwa nimemlipa mtu anifutie tofauti.

Naomba sasa niwaeleze swichi hizi zinafanya kazi gani, kwa maana mtu hawezi kumhoji shahidi asiyejua shahidi huyo aliona nini.

Katika visanduku vingi vya siku hizi zimo swichi za namna mbili, na watu huzichanganya kwa sababu zote huanguka. Zilizo ndogo, ambazo mafundi huziita breka, kila moja inalinda njia yake ya waya: hii ya taa, hii ya soketi, hii ya jiko. Breka huanguka ama kwa shoti, yaani waya wa moto umegusana na mwenzake, na hapo huanguka papo hapo mara unapoiinua. Ama kwa mzigo kuzidi, na hapo hungoja kwanza mpaka ipate joto. Chukueni mfano wa mkesha wa Idd. Birika la umeme la wati 2000 liko motoni, jiko la sahani moja la wati 1500 linapika, na kijana anapiga pasi kanzu kwa pasi ya wati 1200. Jumla ni wati 4700. Gawanya kwa volti 230, unapata zaidi kidogo ya ampia 20. Kama vyote vimechomekwa katika njia yenye breka ya ampia 10, breka itavumilia dakika moja au mbili, kisha itaanguka. Hapo hakuna kibovu chochote. Pasi na ingoje birika, basi.

Swichi ya namna ya pili ni kubwa zaidi, na utaitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Hii haishughuliki na mzigo. Kazi yake ni kama ya karani wa ghala mwenye madaftari mawili, la kutoa na la kupokea. Inapima umeme unaotoka kwa waya wa moto na umeme unaorudi kwa waya wa pili, ule ambao mafundi huuita nyutro, na viwili hivi sharti vilingane. Vikitofautiana, maana yake uko umeme uliopita njia nyingine: ukutani, katika bati, au katika mwili wa mtu. Upungufu ukifika miliampia 30, yaani sehemu 30 katika 1000 za ampia moja, swichi huanguka kabla hujafumba jicho. Na nyingi huanguka hata kabla ya kufika hapo. Kiasi hicho cha umeme hakitoshi kuwasha zaidi ya taa moja ya wati 7, lakini kinatosha kumwua mtu kikipita kifuani. Waafrika tunayo sababu ya kukijua kifaa hiki vizuri, kwa kuwa mmoja wa waliokiendeleza ni Henri Rubin, mhandisi wa Afrika Kusini, aliyekiunda katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kuwalinda wachimbaji wa dhahabu.

Hiyo ndiyo swichi niliyoigeuza pambo.

Na lile la breka kubwa nalo nilitolee maelezo, maana ndilo kosa ninaloliona kila mahali, hata katika ofisi za vyama. Breka haiwekwi kwa ajili ya birika wala friji. Huwekwa kwa ajili ya waya uliofichwa ukutani na darini. Waya mwembamba wa taa unavumilia kiasi chake. Ukiulinda kwa breka ya ampia 32, breka itakaa kimya wakati waya unayeyuka, na waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, huko juu ya dari usikokuona. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilifungua fyuzi ya kauri ya zamani nikakuta ndani yake waya wa kufungia nondo. Chini yake, karibu na ukuta, yalikuwa yamepangwa magunia ya ufuta ya wanachama yakingoja mnada. Nilimwuliza mtunza ghala tangu lini fyuzi ile haijakatika. Akajibu kwa furaha kwamba tangu waya ule uwekwe haijakatika hata mara moja.

Sasa niingie katika utafutaji wenyewe.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni lako. Tazama kwa jirani. Kama naye yuko gizani, ni la TANESCO. Tazama mita ya LUKU. Yako majumba ambayo yamewahi kulaumu swichi wiki nzima, kumbe uniti zimekwisha. Kisha tazama taa za jioni. Nyaya zetu za vijijini ni ndefu, na watu wote wanapowasha kwa pamoja nguvu ya umeme hupungua, taa hufifia. Pampu ya maji au friji likijaribu kuanza katika hali hiyo hunguruma, hushindwa, huvuta ampia nyingi kuliko kawaida, na breka huanguka. Ukiona inaanguka saa hizo tu, na taa ni nyekundu kama kibatari, peleka taarifa TANESCO kabla ya kuuza pampu yako.

Pili, chukua daftari. Hapa ndipo mkaguzi anapojua kuliko fundi. Siku iliyofuata ile ajali nilimleta fundi mwenye leseni ya EWURA kutoka mbali kidogo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuirudisha swichi kuu mahali pake. Jambo la pili aliniambia nimwandikie kila inapoanguka: saa ngapi, ipi imeanguka, kipi kiliwaka wakati huo, na hali ya hewa. Friji aliamuru lichomolewe na lisiguswe na mtu. Kwa muda wa siku tisa nikaandika. Swichi ilianguka mara kumi na moja, zote ni swichi kuu, breka hata moja haikuanguka. Mara nane zilikuwa usiku wa mvua au alfajiri yenye umande mzito. Mchana wa jua kali haikuanguka kabisa. Kabla ya daftari, ungeniuliza ningekuapia kwamba inaanguka "wakati wote, bila mpango". Hakuna kitu kiangukacho bila mpango. Mpango ulikuwapo, ila hatukuwa tumeuandika. Mvua ilikuwa imekwisha kutaja jina la mhalifu, kwa kuwa panapolowa ndipo panapovuja.

Tatu, gawanya. Mnapotafuta kosa katika leja ya kurasa 200 hamsomi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mnafunga nusu ya kwanza, mnaona kama inalingana, kisha mnajua kosa liko upande gani. Umeme ni vivyo hivyo. Teremsha breka zote ndogo. Chomoa plagi zote katika soketi, nami nasema kuchomoa, si kuzima swichi ya soketi. Nitaeleza sababu. Inua swichi kuu. Ikisimama, inua breka moja moja, ukingoja kidogo baada ya kila moja. Ile inayoiangusha swichi kuu imejitaja. Kisha teremsha tena, inua, uchomeke chombo kimoja kimoja katika njia ile mpaka mwenye kosa ajulikane. Birika, pasi na hita za maji ni wa kushukiwa mwanzo, kwa kuwa ndani yao mna waya wa joto unaoingia unyevu ukizeeka. Kazi yote hii hufanyika bila kufungua kifuniko chochote, kwa mikono mikavu, na ndala zikiwa miguuni. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona kisanduku kina joto au alama nyeusi, acha majaribio. Teremsha swichi zote na umwite fundi.

Nyumba nyingi zitapata jawabu hapo. Yangu haikupata, na ndiyo maana nasema mengi juu yake.

Nilipofanya hivyo, swichi kuu ilisimama. Nikainua breka ya taa, ikasimama. Ya soketi, ikasimama. Nikachomeka pasi sebuleni, ikaanguka. Nikasema: pasi! Nikaichomoa, nikachomeka birika chumbani. Ikaanguka. Nikajaribu pasi ya jirani, mpya, ingali katika boksi lake. Ikaanguka vile vile. Kila chombo kizito, katika kila chumba, kilionekana na hatia. Nikateremsha hata breka ya jiko la uani ambako hakukuwa na kitu, nikachomeka pasi tena, ikaanguka. Hapo nilikuwa karibu kusema, kama yule kijana, kwamba swichi yenyewe ndiyo mbovu.

Fundi aliposoma daftari alitabasamu. Alinieleza kwamba breka za kawaida hukata waya wa moto peke yake, na swichi za soketi nyingi hali kadhalika. Nyutro hubaki imeunganishwa, breka ikiwa juu au chini. Kwa hiyo kama nyutro ya njia mojawapo imegusa ukuta wenye unyevu, basi kila umeme unaorudi, kutoka chombo chochote cha nyumba, utagawanyika: sehemu itarudi kwa njia yake, na sehemu itapenya ardhini kupitia pale. Karani wa ghala ataona upungufu. Pasi ya sebuleni itaonekana mwizi, kumbe wizi uko uani. Makatibu mtakumbuka kesi za namna hiyo: kila mzani unaonyesha pungufu, kila karani anatuhumiwa, mpaka mtu anapogundua kwamba jiwe la kupimia, ambalo wote walilitumia, ndilo lililotobolewa.

Alifungua kisanduku, akiwa amekwisha kuzima umeme na kuhakikisha kwa testa kwamba hakuna uliobaki. Akatoa waya wa nyutro wa kila njia, mmoja mmoja, na kuupima kwa kile chombo ambacho mafundi hukiita mega, kinachosukuma volti 500 katika waya ili kuona kama ganda lake lingali zima. Kipimo kinachotakiwa si chini ya megaomu 1. Njia ya taa ilipita, ya soketi ilipita. Ya jiko la uani ilionyesha karibu na sifuri.

Tukapanda darini jikoni. Mahali waya unapoingia chini ya bati palikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa makumbi na vipande vya gunia. Panya walikuwa wameguguna ganda la waya kiasi cha urefu wa kidole, wakabakiza shaba tupu ikiegemea ukuta wa udongo. Kukiwa na jua, udongo ulikuwa mkavu na hapakuwa na neno. Mvua ikinyesha, ukuta ukanywa maji, nyutro ikapata njia ya kwenda ardhini.

Msinicheke kwamba nyumba nzima iliangushwa na panya. Tarehe 7 Juni 2016, nchi nzima ya Kenya iliingia gizani kwa sababu ya tumbili mmoja. Alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru katika mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mzigo wake ukaiangukia mitambo mingine, nayo ikazidiwa ikajizima, na umeme ukakatika kwa saa kadhaa. Kinachonipendeza katika habari ile ni kwamba mafundi wa Kenya hawakusema swichi zao ni nyepesi mno. Walitafuta mpaka wakamwona tumbili. Tena yeye alipona, akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori.

Waya ukabadilishwa, ukapitishwa ndani ya bomba la plastiki ambalo panya hakuzowea kulila. Pasi ikachomekwa, swichi ikasimama. Mke wangu akasema, "Sasa rudisheni friji." Fundi akakataa. Aliuliza swali ambalo mimi, pamoja na ukaguzi wangu wote, sikuuliza: panya waliguguna nyutro ya jikoni, lakini friji liko ndani ya nyumba kubwa, nani basi aliyempiga mtoto?

Alinichukua nyuma ya nyumba, mahali fimbo ya ethi ilipopigwa ardhini. Alishika waya wake kwa vidole viwili, nao ukatoka mkononi mwake. Klempu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki unga wa kijani. Pwani yetu hii, Ndugu Wanachama, hewa ina chumvi, na chumvi haiogopi shaba. Nyumba ilikuwa haina ethi, na haijulikani tangu lini.

Ndipo nilipoelewa. Friji lile la zamani lilikuwa linavuja umeme katika bodi lake tangu siku nyingi, lakini kwa kuwa ethi ilikuwa imekatika, umeme ule haukuwa na njia ya kwenda. Ulikaa katika bati la friji ukingoja. Kwa sababu hiyo swichi kuu haikuona upungufu wowote kutoka kwa friji, na daftari langu lisingeweza kulitaja. Njia ilipatikana siku ile mtoto mwenye miguu iliyolowa aliposhika mlango. Kama swichi kuu ingekuwa kazini, ingeanguka papo hapo, naye angeshtuka tu. Mimi nilikuwa nimeiondoa.

Fundi alipiga fimbo mpya, akafunga klempu mpya, akaipaka grisi, akalichomeka friji. Swichi kuu ikaanguka mara moja. Sijapata kufurahia giza kama siku ile.

Makosa yalikuwa mawili, na lile la kwanza lilipopatikana mimi nilikuwa tayari kumlipa fundi aende zake. Lipo na jambo la tatu ambalo kwangu halikutokea, lakini alinitahadharisha. Nyumba inaweza kuwa na vyombo vitano, kila kimoja kinavuja miliampia 4 au 5, na hakuna hata kimoja kinachoiangusha swichi peke yake. Vikiwashwa pamoja, jumla inafika. Hapo utachomeka kimoja kimoja na vyote vitaonekana safi. Dawa yake ni kuviongeza mmoja juu ya mwingine huku unaandika, na kumwomba fundi apime kila kimoja. Wala usimkamate yule wa mwisho kuchomekwa ukamwita mwizi.

Kuhusu vyama vyetu nitasema machache. Ghala lolote lenye umeme lipimwe kwa mega kila mwaka kabla ya msimu wa ufuta, na tena kabla ya korosho, na karatasi ya fundi yenye vipimo iwekwe katika jalada pamoja na za mizani. Gharama ipitishwe na bodi na iandikwe katika muhtasari. Nitaiomba karatasi hiyo katika ukaguzi, nawaambieni mapema. Kazi apewe mwenye leseni, si mpwa wa Mwenyekiti, isipokuwa mpwa huyo anayo leseni, na hapo nitaiomba niione. Magunia yakae mbali na nyaya na soketi. Wale wenye kile kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, wakumbuke kwamba kilitengenezwa kwa nyumba ndogo isiyotandazwa nyaya. Si shina la kuvutia matawi mpaka nyumba ya shangazi kwa waya wa redio.

Na jioni hii mtakapofika nyumbani, kitafuteni kile kitufe chenye herufi T, mkibonyeze umeme ukiwapo. Swichi ikianguka, inafanya kazi. Iinueni, mfanye hivyo tena baada ya miezi michache. Isipoanguka, au kama katika kisanduku chenu hamna kitufe hicho kabisa, mwiteni fundi wiki hii, kabla masika hayajaanza.

Mtu mmoja aliniuliza asubuhi friji lile liko wapi. Fundi alisema injini yake imekwisha na haifai kutengenezwa. Tulikata waya wake karibu na bodi ili asitokee wa kulichomeka tena, tukang'oa mlango kwa ajili ya usalama wa watoto, tukaurudisha kwa kamba. Liko uani. Mke wangu anahifadhi ndani yake mbegu za ufuta za msimu ujao, kwa kuwa panya hawawezi kuliguguna.